Drama Yetu Imekatwa

Joan, drama yetu imekatwa na hakuna mtu aliniambia. HAKUNA!

Na vile nimewapigia watu kelele ati leo ndio nitaonekana kwa TV. Saluni ya Eddah hapa Kawangware 56 ilijaa mpaka mlangoni. Hata mathe, mama yangu mwenyewe, alitoka mtaa wa Laini Saba, amevaa nguo ya kanisa.

Saa ikafika, tukaona wanaume wanapigana mieleka. Mieleka, Joan!

Nikampigia Marvin, dairekta wetu, nikaweka spika ndio wasikie imechelewa tu. Akacheka. "Kwani hukuambiwa? Stesheni iliikata wiki jana. Hiyo sini uliigiza ukilia haitawahi onekana."

Saluni yote ilisikia.

Eddah akaniuliza, "Si basi utulilie hapa hapa, Adhis?" Watu wakacheka mpaka wakashikana.

Nikamwangalia mathe. Nilijua yeye atanitetea.

Akasimama, akawaambia, "Poleni jamani. Huyu nilimwambia asomee ushonaji akakataa. Amewapotezea muda."

Amewapotezea muda. Mathe wangu, Joan!

Saa hii niko nje. Yeye bado yuko ndani, anacheka nao, wanatazama mieleka.