Usiwashe Umeme wa Chumba cha Tessa

Lonnie,

Nimezima breka ya chumba cha Tessa. Usiiwashe, hata kwa dakika moja. Supu iko kwenye friji.

Asubuhi ukuta wa kitandani kwake ulikuwa wa moto. Nikafungua soketi, kile kikofia cha plastiki ulichosokotea nyaya kimeyeyuka. Nilikwambia: nyaya za nyumba hii ni alumini, ukiziunga na shaba unahitaji viunganishi vya skrubu vinavyozitenganisha. Ukacheka, "Haya, fundi wa darasa la jioni!"

~~Nikirudi tutabadilisha pamoja.~~ Umeunga hivyo kila chumba, Lonnie. Na pa kuanzia sipaoni.

Tessa niko naye kwa mama, kule mjini Brandon. Ukituletea blanketi lake, lifue kwanza. Linanuka moshi, na bado analililia.

Mama Tessa