Viazi vya Juu ya Mabati

Mama Wakesho,

Ulikufa mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Tumbo lilikushika Jumatatu, Alhamisi umekufa. Tukakuzika, watu wakala, wakaenda zao.

Mimi si mtu wa barua, unajua. Hata jina langu nikiliandika mbele ya karani jasho linatoka. Lakini nina hasira na wewe na hakuna mwingine wa kumwambia. Wakesho amenipa karatasi mbili za daftari lake. Amesema zikiisha nisiombe ingine.

Hasira ni ya pai.

Ile pai yako ya viazi tamu. Miaka sita umempikia Doroti, yule memsab Mmarekani wa misheni, mpaka akarudi kwao. Wengine wakitoka kwa wazungu wanatoka na blanketi, na viatu. Wewe ulitoka na pai. Ulinisimulia ile Krismasi wageni wake walikuja, Wamarekani wenzake, wakagombana jikoni kwako. Doroti anasema kwao kusini bila pai ya viazi tamu hakuna Krismasi. Mwingine anasema hapana, kwao baridi kule ni pai ya boga. Wa tatu anasema nyinyi wote hamjui kitu, kwao ni njugu na sukari mpaka meno yaume. Watu wazima. Wewe ukapika zote tatu ili wanyamaze. Halafu ukaleta nyumbani ile ya viazi, ukasema viazi tunavyo.

Sawa. Kila Krismasi nyumba zote za reli zinanukia mdalasini, watoto wa watu wamejipanga mlangoni kwetu na sahani. Halafu unakufa na hiyo maneno yote kichwani! Hukuandika. Nimetafuta chini ya godoro, nimetafuta ndani ya Biblia. Nimepata kitana.

Ungejua vile ilikuwa muhimu. Mwezi wa kumi na moja mama yako aliteremka kutoka Mbololo. Mimi na yeye hatuongei uso kwa uso, ni heshima. Basi mimi nimesimama hapo, hatua mbili, na yeye anamwambia Wakesho: "Mwambie baba yako mtoto wa kike halelewi na mwanaume wa reli. Nakuja Krismasi. Nikikuta hii nyumba ilikufa na mwenyewe, naondoka na wewe." Na kiondo cha kubebea nguo atakuja nacho. Alisema hivyo, kiondo.

Nikamwambia Wakesho, "Mwambie nyanya yako karibu."

Mtoto hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Baba, pai itakuwako?" Nikasema itakuwako. Mjinga mimi.

Mwezi wa kumi na mbili umeanza, natoka kazini nakuta viazi vimepangwa juu ya mabati ya jikoni. Wakesho huyo. Anasema mama alikuwa anaviweka huko. Nikamwambia hata mama nilimkataza, hapa ni Voi, nyani wakiona chakula juu ya nyumba watahamia na watoto wao. Nikaviteremsha. Tukachemsha, tukala na chai.

Jumapili nikajaribu pai. Nimechimba viazi asubuhi, nimechemsha, nimeponda, mayai, maziwa, sukari. Chapati ya chini nimesukuma na chupa ya soda kama wewe. Sufuria juu ya jiko, makaa juu ya kifuniko. Ilitoka maji. Jumapili ya pili nikaongeza sukari. Ikatoka maji tamu. Mwakio wa genge letu la kazi pale reli akaonja, akatazama sahani, akaniuliza, "Ndugu, hii ni ya kula ama ya kubandika matangazo?" Akamaliza sahani lakini, huyo fisi.

Basi siku moja kabla ya Krismasi mama yako amefika. Na kiondo. Kitupu. Amekiweka karibu na mlango mahali kila mtu atakiona, ameketi kwenye kigoda chako, ananitazama nikifungua sufuria ya pai. Uji. Nikachukua kijiko nikaonja, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono. Haikuwa na ladha ya kitu.

"Mwambie baba yako," anasema mama yako, "asante kwa kujaribu." Hiyo asante ilinichoma kuliko makaa. Akamtuma Wakesho akalete nguo zake.

Wakesho akatoka. Nikasema basi, imeisha. Akarudi na viazi vingine ndani ya sketi, vimekunjamana kama uso wa mzee. Alikuwa ameviweka juu ya mabati ya Mama Mkawasi, jirani, tangu ile siku. Wiki tatu viko kwa jua na nyani hawakuja.

"Nilijua utaviteremsha," ananiambia. "Mama alisema baba hawezi kuona kiazi juu ya nyumba akanyamaza."

Nikakaa chini.

Kwa sababu nilikumbuka ule mwaka. Ule mwaka tumegombana juu ya nyani, nikaviteremsha wewe ukiwa sokoni, nikaviingiza kwa gunia. Pai ikatoka maji. Na mimi mbele ya wageni nikasema, "Leo mpishi wa wazungu amesahau kazi." Watu wakacheka. Wewe pia ukacheka. Ukanikatia kipande kikubwa kuliko cha watu wote.

Ulijua. Ulijua ni mimi na hukusema. Kwa nini hukusema? Ungenitukana pale pale, ningeona aibu siku moja ingeisha. Sasa nina aibu na sina pa kuipeleka. Unaona vile unanifanyia?

Tulipika. Wakesho ameponda, mimi nimeangalia makaa. Havikuhitaji hata sukari nyingi, jua lilikuwa limekausha maji na kuacha utamu. Upande mmoja uliungua, ule wa kwangu. Siku ya Krismasi watoto wa watu wamekuja na sahani zao kama kawaida, na mama yako amekula vipande viwili. Mwishowe akasema, "Mwambie baba yako makaa ya juu yalizidi."

Jana amerudi Mbololo. Kiondo amekiacha. Nikamtuma Wakesho amkimbilie nacho, mama yako akasema hapana, kitatumika kuwekea viazi.

Basi kaa salama huko. Shamba la nyuma ya reli nimepanda matawi mengine ya viazi, vile vya ngozi nyekundu unavyopenda. Mwaka ujao mwezi wa kumi na mbili nitavipandisha juu ya mabati mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na nyani wakija watanikuta hapo. Na kaburi lako nitalipalilia kabla ya mvua. Hiyo ni ahadi. Hii nyingine, ya kuona kiazi juu ya nyumba nikanyamaza, mimi siahidi.

Karatasi imeisha. Kesho narudi kazini.

Baba Wakesho