Ripoti ya Bastola za Plastiki

Jumapili, 3 Novemba

Klabu ya shabaha, tangu saa mbili asubuhi. Wanafunzi sita, wote wanawake kama mie. Mmoja kaja na kucha ndefu kama za bi harusi, nimemrudisha akazikate. Hakurudi. Na asirudi.

Katibu wetu, Bwana Hilal, kaniita ofisini. Klabu inataka kununua bastola kumi na mbili za kufundishia, zile za chuma zimechoka. Wauzaji wameleta mbili za majaribio. Za kisasa: juu chuma, mwili wa chini wote plastiki. Mie nizijaribu, nikusanye maoni ya wanachama wenye bastola zao za leseni, niandike ripoti. Aipate Alkhamisi ya wiki ijayo.

Nimeigusa tu, nikajua. Nyepesi kama sahani ya plastiki ya kwendea mandari. Nimeshika chuma miaka thelathini na moja, ishirini na nne polisi, saba hapa. Plastiki ni ya ndoo na kata. Ripoti n'shaiandika kichwani.

Juma kaleta kahawa. Mtu wa Tanga huyu, miaka kumi yuko Maskati, na mila ya kahawa kaishika kuliko Waarabu wenyewe. Humimina mpaka utikise kikombe. Ukitikisa, basi, umetosheka, anakichukua, hana mjadala. Leo kanipa kimoja tu, akaenda zake na kikombe. Mie vitatu kila siku, anajua. Nimeudhika mpaka adhuhuri kwa jambo dogo vile.

Jumanne, 5 Novemba

Maoni. Loo, watu wana maneno! Muulize mtu habari za mkewe, atakwambia hajambo. Muulize habari za bastola yake, tafuta kiti ukae.

Mzee Mbarak ndiye wa kwanza. Ana sabini na ushei, bastola yake ya chuma kaachiwa na baba yake. Kauliza ni nani atakayemrithisha mwanawe plastiki. Nimeandika neno kwa neno.

Nassor, anayeuza magari hapa Wattaya mtaani kwetu, ana ya plastiki mwaka wa sita. Anasema jasho la Agosti na chumvi ya bahari havijaitia kutu hata nukta, na ya chuma kila wiki unaipaka mafuta kama mtoto mchanga. Anasema sisi wa chuma tunalilia bampa za chuma za magari ya zamani. Mpuuzi. Lakini kutu ni kweli.

Shamsa, daktari wa meno, mwanafunzi wangu bora kupita wote niliowahi kufundisha hapa, anaipenda kwa sababu mpini wake una kipande cha nyuma kinachobadilishwa, kuna cha mkono mdogo. Ya chuma kidole chake hakifiki sawasawa. Mwengine anasema inarusha mkono kwa wepesi wake. Mwengine anasema inafanana na ya kuchezea, anaogopa wajukuu. Mwengine kifyatulio chake hakipendi, anasema ni kama kukanyaga mkate ulioroa.

Wa chuma nimewaandikia mistari mitano mitano. Nassor nimempa miwili. Nnajijua.

Alkhamisi, 7 Novemba

Nimejaribu. Risasi thelathini. Imekwama mara nne! Ganda la risasi linabanwa pale juu, halitoki. Katikati nikadhani ni moja mbovu, nikamalizia kwa ya pili. Na yenyewe vilevile.

Nimefurahi. Niseme kweli, nimefurahi sana. Kwenye kahawa nimewatangazia wote, Mzee Mbarak nusura acheze. Nassor kasema yake haijakwama hata siku moja. Nikamwambia ni bahati yake. Akabaki ananitazama.

Kidole gumba cha kulia kimechoka leo. Funguo za gari zimeniponyoka mara mbili.

Jumamosi, 9 Novemba

Nyumbani. Nimeshindwa kufungua chupa ya achari. Raya kaifungua kwa mkono mmoja huku anazungumza na simu. Mwanangu huyu ni nesi, macho yake hayatulii. Kaniuliza tangu lini vifungo vya nguo nafunga kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia tangu alipozaliwa. Hakucheka.

Alipokwenda kazini nikaweka mikono yote miwili juu ya meza. Baina ya gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia, nyama imekwisha. Pamekuwa bonde. Wa kushoto mzima, umejaa. Na kwenye bega kuna kitu kinarukaruka chini ya ngozi, hakiumi. Nimekitazama muda mrefu.

Uzee tu. Nina hamsini na saba.

Jumatatu, 11 Novemba

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Shamsa kaomba kuijaribu ile ile iliyokwama. Nikampa, na risasi za boksi lile lile, nikakaa nyuma yake nisubiri kucheka. Hamsini. Haikukwama. Nikamwambia hebu rudia. Hamsini nyengine. Safi.

Nikaichukua mie. Risasi ya kwanza, ya pili, ya tatu ikakwama.

Shamsa hakuitazama bastola. Kautazama mkono wangu. Kasema polepole, wengine wasisikie: "Mwalimu, mkono wako unarudi nyuma pamoja na bastola."

Najua. Kwani sijui? Nimewafundisha mamia. Kile kipande cha juu kinarudi nyuma ili kitupe ganda, na hakiwezi kulitupa mpaka mwili wa chini ushikwe imara. Kifundo cha mkono kikilegea, ganda linabanwa. Kila mwanafunzi aliyenijia analalamika bastola yake mbovu nimemjibu hayo hayo miaka yote: bastola haisemi uongo, mkono ndio muongo. Na huwaambia waishike kama kifaranga, asife wala asikuponyoke.

Chuma ni kizito, kinajishikilia chenyewe kwa uzito wake. Plastiki inakutegemea wewe. Kumbe chuma kilikuwa kinanisitiri. Tangu lini, Mungu ndiye ajuaye. Na mie siku zote hizo najiona hodari.

Nimeogopa. Nimekaa garini nusu saa, sikuwasha.

Jumatano, 13 Novemba

Hospitali. Raya kanipeleka, hakuniuliza. Wamenichoma visindano kwenye misuli, mkononi, mguuni, mpaka ulimini. Mashine inapiga kelele kama mafuta yanayokaanga.

Daktari ni mtu mpole, hilo ndilo lililonitisha. Mishipa inayoamrisha misuli inakufa, mmoja baada ya mmoja. Imeanza mkononi. Haitasimama mkononi. Watarudia vipimo wapate uhakika zaidi, lakini yeye hana shaka. Kuna vidonge vya kuichelewesha kidogo. Kuponya, hakuna. Nikamuuliza miaka mingapi, akasema kila mtu na mwili wake, akatazama karatasi. Nimefundisha watu kulenga maisha yangu yote, namjua mtu anapoikwepa shabaha.

Raya kalia kwenye maegesho. Nikamkasirikia kwa kulia kabla yangu. Masikini mwanangu. Kisha tukanunua mikate ya samoli na jibini, tukarudi nyumbani kama watu waliotoka sokoni.

Ripoti kesho. Nimeifikiria njia nzima. Nikiandika plastiki inakwama, watanunua chuma. Chuma kitanisitiri mwaka mwengine, pengine na nusu. Anayejua ni Shamsa tu, na Shamsa hatasema, ananistahi. Nikiandika kweli watanunua plastiki, na kila mwalimu atapimwa nazo mbele ya Hilal. Sitapita. Kufundisha ndiyo imekwisha hapo.

Nnataka kuandika uongo. Nnautaka kama mtu anavyotaka maji.

Alkhamisi, 14 Novemba

Nimeandika ripoti mbili.

Ya kwanza: risasi thelathini na tatu, zimekwama mara tano. Kila neno kweli. Nimeisoma mara mbili, hakuna hakimu angenikamata. Nikaitia kwenye bahasha.

Halafu nikaikumbuka sharti ya klabu, ya nne. Nyuma ya mwanafunzi asimame yule tu anayeweza kumnyang'anya bastola mkononi ikibidi. Sharti hiyo nimeiandika mie mwenyewe, mwaka ule msichana mmoja alipogeuka na bastola mkononi akitaka kumwonesha mamake alipopiga. Nilimshika mkono kabla hajamaliza kugeuka. Na juzi Jumamosi nimeshindwa na kizibo cha achari.

Nikaandika ya pili. Nassor nimempa mistari mitano kama wengine. Nikaandika bastola ni nzima, inafaa hali ya hewa yetu, inafaa mikono midogo ya wanafunzi wangu, na kukwama kulitokana na mjaribu.

Hilal kasoma, kaniuliza kwa Kiarabu mjaribu nani. Nikamjibu kwa Kiswahili, mamake alikuwa wa Unguja, anasikia.

"Bastola haina kosa, Bwana Hilal. Mkono wangu ndio wenye kosa. Na hautapona."

Kaiweka ripoti mezani. Kisha kasema pengine nifundishe kwa mdomo, nikae kitini, wengine wasimame. Nikamwambia sharti ya nne. Kainamisha kichwa. Hakubisha, na mie nilikuwa nataka abishe. Walau kidogo.

Jumapili, 17 Novemba

Bendera za Siku ya Taifa barabara nzima, Wattaya mpaka chini. Nimekwenda polisi kuirudisha bastola yangu ya chuma na leseni yake. Leseni inataka mwili mzima, na daktari keshaandika.

Niliisafisha jana mara ya mwisho. Saa moja na nusu, kazi ya dakika kumi na tano. Raya alitaka kunisaidia, nikamkataza, kisha nikamwita, kwa kuwa ile pini ndogo haikushikika.

Askari wa dirishani nimewahi kumfundisha. Kasimama, kanipigia saluti. Ningetaka asingefanya vile. Kaikagua, kaandika namba, katia kwenye mfuko, kanipa karatasi nitie saini. Saini yangu haifanani tena na ile ya kwenye leseni. Kaiona. Kagonga muhuri.

Mzee Mbarak hanisalimii. Anasema nimewauza kwa wachuuzi wa plastiki. Sababu hakuambiwa, na mie simwambii. Bora anichukie kuliko anihurumie. Nassor kaleta bakuli la halwa mpaka mlangoni, kaliweka, kaondoka. Kwa hivyo yeye anajua.

Jumatano, 20 Novemba

Mguu wa kulia umejikwaa kwenye zulia. Zulia lile lile la miaka yote. Raya hayupo. Nimekaa pale pale chini mpaka ikaadhiniwa laasiri.

Sina la kuandika. Kalamu naishika kwa vidole vitatu na inateleza.

Alkhamisi, 28 Novemba

Klabu wameniita kuniaga. Bastola mpya zimefika, kumi na mbili, nyeusi, zimepangwa mezani. Shamsa ndiye mwalimu sasa, Jumamosi na Jumatatu, baada ya meno ya watu. Nimemsikia anamwambia mwanafunzi asishike kama kifaranga, hizi zinataka mkono uliokaza. Kisha kaniona, kaona haya. Nikampa ishara aendelee. Alichosema ni sawa.

Hilal kasema maneno mazuri. Wamenipa saa ya ukutani. Mzee Mbarak alikuwapo, kakaa kiti cha pembeni yangu. Nadhani kaambiwa. Halwa nimekula kwa kijiko, wote wakajifanya hawaoni.

Juma kaja na dele lake la kahawa. Kaniamkia shikamoo, kanimiminia. Nimepokea kwa mkono wa kulia, sikutaka kupokea kwa kushoto mbele za watu. Kahawa yake nzuri, iliki nyingi. Nikanywa, nikanyoosha kikombe aniongeze.

Kikombe kikatikisika.

"Ahsante, mama," kasema Juma. Akakichukua kwa adabu, akenda kwa Mzee Mbarak.

Nilikuwa bado naitaka. Sikumwambia.