Kivuli Kwenye Meza ya Mama

Kaka Arlen,

Theluji imeyeyuka hapa Nebraska, na yule ng'ombe wa madoa kazaa mapacha. Wewe kimya tu, miaka yote tangu uondoke.

Wakala wa kampuni ya umeme wa upepo alikuja kutafuta saini za warithi wote wa shamba, ili wasimike mtambo wao hapa. Mama akamwambia, "Arlen wangu alishafariki." Nilidhani ni hasira tu. Kesho yake wakala akarudi na maua ya rambirambi, na Mama akalia kweli.

Sasa mtambo unazunguka. Kila jioni kivuli cha mapanga yake hukatiza mezani, na Mama husogeza kikombe chake kukipisha: "Pita, Arlen mwanangu."

Njoo upesi, kaka. Jana nami nilisogeza kikombe changu.

Dada yako anayekungoja,
LaVonne