Simu Kutoka Wodi Iliyofungwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake. Kazini anaitwa Kufuli.
Umri: miaka 53
Kazi: karani mkuu, masjala ya mafaili ya wagonjwa
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya hospitali

Nimefanya kazi masjala miaka ishirini na sita. Jina la Kufuli nilipewa na vijana wa maabara kwa sababu siri ya mgonjwa haijawahi kutoka kinywani mwangu, na jina hilo nililipenda. Wake za watu wamenililia, wakwe wamenitukana, meneja wa kiwanda aliniletea barua yenye mihuri mitatu. Wote niliwarudisha mikono mitupu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, Jumanne, saa 4:05 asubuhi, nikiwa peke yangu ofisini, simu ya mezani ililia milio miwili mifupi. Kwetu mlio mrefu ni simu ya nje, mifupi miwili ni ya ndani. Ya nje tunaihoji mpaka mtu anune. Ya ndani hatuihoji, maana anayepiga ni mwenzetu anayemtibu mgonjwa.

Alikuwa mwanaume, mpole, hana haraka. Nyuma yake hapakuwa na sauti yoyote, na wodi huwa hazinyamazi hivyo. Alisema ni daktari, amepokea mgonjwa wa kike asiyejitambua, akanitajia namba ya faili. Nililitoa. Juu yake daktari aliyemtibu mkono uliovunjika mwaka jana alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Asielezwe mtu, hata mume." Nikasita. Akasema, "Mama, sheria unaijua kuliko mimi. Uhai ukiwa hatarini, ridhaa haisubiriwi."

Ni kweli, ndivyo tulivyofundishwa. Nilimsomea kundi la damu na dawa zinazomdhuru. Kisha akaomba anwani yake mpya, ili ndugu waitwe. Akaniambia, "Vaa miwani kwanza, usije ukakosea namba ya nyumba." Nikavaa, nikamsomea. Akashukuru, akakata.

Utaratibu wetu ni kwamba faili humfuata mgonjwa ndani ya nusu saa. Saa 4:30 nilipiga mapokezi kuuliza mgonjwa yuko wodi ipi. Wakasema hakuna mwanamke aliyepokelewa tangu alfajiri. Nikatazama kioo cha simu: ile ya awali ilitoka namba 14. Hiyo ni wodi ya zamani ya upasuaji, ng'ambo ya ua, imefungwa tangu mwaka juzi.

Nilikwenda na mlinzi mwenye funguo. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Ndani vitanda havina magodoro, na vumbi limejaa kila mahali isipokuwa juu ya kiti kimoja, dirishani, karibu na simu. Nilikaa juu yake. Nikaona meza yangu, kikombe changu cha chai, na miwani yangu juu ya faili. Mlinzi aliniuliza, "Mama, una nini?" Nilikuwa tayari nakimbilia ofisini kwangu.

Saa 4:41 nilichukua namba yake kwenye faili, nikampigia mgonjwa kwa simu yangu ya mkononi. Akapokea akicheka. "Mimi mzima, nafua. Nani kakwambia naumwa?" Nilimweleza. Akasema chinichini, "Dada, si mume wangu ndiye fundi aliyewafungia simu zenu zote?" Hapo nikasikia mlango wake ukigongwa mara tatu, halafu kimya. Nikamwambia asifungue. Akasema, "Harudii kugonga huyo. Huwa anasubiri." Simu ikakatika.

Nilikuja kituoni mbio na kuwapa askari anwani ile. Waliokwenda wamenieleza kwamba nyumba ilikuwa wazi, nguo zingali ndani ya beseni, na hapakuwa na mtu.

Saa 8:15 mchana, nikiwa bado nasubiri kuandikwa maelezo, mgonjwa alinipigia kwa namba ngeni. Aliruka ukuta wa uani, miguu peku. Ameishiwa pumzi na anahitaji dawa zake za kifua. Amenieleza alipo ili nimpelekee mimi, na si mtu mwingine. Baada ya niliyomfanyia asubuhi, bado ananiamini. Nililia mbele ya askari, na sioni aibu kulisema hilo.

Nimesomewa maelezo haya. Ni yangu, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mwenyewe, saa 9:20 alasiri. Shahidi amekataa kutaja mahali mgonjwa alipo. Nimemweleza kwamba katika hali kama hii sheria inamruhusu kusema. Amejibu kwamba inamruhusu, haimlazimishi, na kwamba kwa leo ameshasema vya kutosha. Ameondoka saa 9:40 na mfuko wa dawa alioletewa kutoka hospitalini. Hakutaka kusindikizwa. Ameomba tu tumfungulie mlango wa nyuma.