Jina Lililotoboa Gitaa

Acha unachofanya usome hii. Dada amejifungia stoo ya karakana na hafungui.

Yule mjane niliyekuambia kaleta gitaa aliloliunda marehemu mumewe kwa mikono yake. Alitaka jina la mzee lichorwe usoni pa gitaa kwa mashine ya leza. Kuchorwa tu.

Dada akachagua kwenye kompyuta mpangilio wa "mbao laini", kama kawaida. Kumbe jana akikata mbao nene alipandisha nguvu na kupunguza kasi, akahifadhi humohumo.

Leza haikuchora, ilikata. Hadi dada anafikia kitufe cha kuzima, herufi zilishadondokea ndani ya gitaa.

Mama wa watu akalitikisa, zikagongana humo. Akauliza polepole, "Hilo ndilo jina lake?" Yaani kauliza hivyo. Eti hilo ndilo jina lake. Dada mbio stoo.

Nilidhani mjane ataita polisi. Kakaa chini mlangoni pa stoo, gitaa mapajani, anamwambia, "Toka, mwanangu. Hata mzee wangu aliharibu mawili kabla ya hili, na bado chakula nikampa."

Ndiyo kwanza dada analia kwa sauti. Njoo, wewe anakusikia. Mimi nimeshindwa, nalia nao.