Rangi za Maharage ya Atupele

Jumamosi

Mikufu iliyo pichani si yake. Atupele mwenyewe kaniambia jioni hii, gazeti mkononi. Kwenye makala yangu niliandika kwamba jirani yangu huyu wa Ilomba hutunga shanga kwa rangi anazoziona kwenye magunia ya maharage sokoni Mwanjelwa: njano iliyopauka, wekundu wenye madoa meupe. Mhariri kaweka picha ya mikufu ya Kimasai, chini yake jina la Atupele.

"Dada, wateja wakija kutaka hizo, nitawaambiaje? Si nitaonekana tapeli?"

Nikampigia mhariri. Akacheka. "Shanga ni shanga, bwana. Nani ataangalia?"

Nani ataangalia! Miaka yote hii nahakiki kila jina, halafu mtu mmoja mvivu...

Nina hasira.

Jumatatu asubuhi naenda ofisini kwake na mkufu wa Atupele mwenyewe. Sitoki mpaka masahihisho yapangwe kwenye toleo la Jumanne.